Redio ya Tata Ndani ya Sufuria

Mpendwa Tata, baba yangu,

Mugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba lile goti limetulia. Kakao zimebeba mwaka huu? Mimi mwili hauna neno. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu.

Huku Korea kazi yangu ni ileile. Tunachukua unga mweusi wa kaboni, mwepesi kuliko masizi, unaoitwa grafini. Tunauchanganya na plastiki iliyoyeyushwa, tunapata utando wa kufunikia vifaa vya umeme ili mawimbi ya kimoja yasivuruge kingine. Muda mrefu utando ulikuwa ukipasuka kila tukiukunja. Mwaka huu ukakubali, nami nikachaguliwa kuueleza mbele ya wageni wa chuo.

Niliogopa, Tata. Ukumbi umejaa, watu wamekaza nyuso. Nikatafuta kitu cha kuwachangamsha, nikakutoa wewe. Niliwaambia jinsi inveta, ile mashine ya umeme wa sola ya jirani yetu anayechaji simu za watu, ilivyokuwa ikiikoromesha redio yako, ukaitia kwenye sufuria na kufunika, ikanyamaza kabisa, nawe ukaifokea, "Sasa sema!" Wakacheka hadi kupiga meza. Na mimi nikacheka. Kisha nikaeleza kwamba sufuria ilizuia kelele pamoja na matangazo. Cha kufunikwa kilikuwa inveta, si redio. Wakapiga makofi.

Sikuwaambia ulikuwa unatafuta habari gani. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti ya Baba Mdogo kutoka Malawi haijafika na vitenge vyake, na asubuhi ile redio ilikuwa inasoma majina ya waliookolewa. Hukutaka jina la mdogo wako likupite. Nyumbani tunakicheka kisa hiki, lakini tunakicheka Baba Mdogo akiwa amekaa palepale, tena yeye ndiye anayekianzisha. Mimi niliwapa wageni sufuria, nikamwacha yeye ziwani.

Sikujua chuo kingeiweka video mtandaoni. Mama ndiye aliyeniambia kwamba binamu yangu aliitafsiri pale Ipinda, kwenye mizani ya kakao, na sasa vijana wanakuita Mzee Sufuria, hata kanisani umeacha kwenda. Nilipokupigia ulipokea mara moja tu.

"Na hao wenzako wapo hapo wanasikiliza?"

"Hapana, Tata. Niko peke yangu."

"Sawa. Maana leo sina la kuwachekesha."

Ukakata.

Nilikwenda kwa profesa wetu, mama mmoja mtaratibu, nikamwomba aiondoe. Akashangaa. "Kwa nini? Hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda." Nikamsimulia habari za Baba Mdogo. Akauliza, "Alifika?" Nikasema alifika kwa miguu, akitokea mpakani, mtoni Songwe. Akashusha pumzi kana kwamba ni ndugu yake. Video ikaondolewa siku hiyohiyo, lakini iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu siwezi kuifuata.

Nimeomba likizo, nitakuja wakati wa mavuno ya mpunga. Nataka nisimame kanisani, mchungaji akiniruhusu, nikisimulie kisa chote kwa Kinyakyusa mbele ya haohao waliocheka. Lakini sitafungua kinywa kabla hujaniambia ndiyo. Mara ya kwanza sikukuuliza. Ukikataa, nitakaa kimya kwenye benchi.

Nisalimie Mama, ambaye najua anateseka katikati yetu. Msalimie Baba Mdogo, na Shangazi wa Ipinda. Binamu msimkasirikie; yeye alitafsiri tu niliyoyasema mimi. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Tata, usingoje nije ndipo urudi kanisani. Jumapili hii vaa koti lako uende, ukae mahali pako. Wa kuona haya si wewe.

Ni mimi binti yako, ninayengoja jibu lako, liwe lolote,

Atupele