Tumeacha Kumwambia "Sema"

Kisaka, Serengeti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti la Babu linaendeleaje? Mahindi ya kule juu mmeshavuna? Huku kwa mama mdogo, mimi na mdogo wangu Mwita hatujambo. Anakula, ila ugali ukiguswa na mboga bado anausukuma.

Najua unangoja jambo moja tu: Mwita atabaki shuleni au tunamrudisha Itiryo? Anabaki, mama. Pumua sasa.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja darasa la elimu maalumu kuona kama Mwita ataweza kuendelea. Yeye akaviangalia viatu vyake, akasema kwa sauti, "Sema shikamoo." Nilitamani ardhi ipasuke. Ni maneno yaleyale yaliyomfanya Babu aseme, "Mtoto ananiamuru mimi nimwamkie? Dawa yake ni fimbo."

Mwalimu mkuu akauliza, "Leo wewe ndiye mzee, mimi ndiye mtoto?"

Mwalimu wa Mwita hakucheka. Akanigeukia. "Nyumbani mgeni akija, huwa mnamwambiaje Mwita?"

"Tunamwambia, sema shikamoo."

"Basi kwake hiyo ndiyo salamu. Watoto wengi wenye usonji hushika maneno mazima, kama walivyoyasikia."

Mwalimu mkuu akainama. "Marahaba, mwanangu. Kesho uje tena."

Kwa hiyo Mwita hakuwa na kiburi, mama, wala hakuna aliyemroga. Sasa tumeacha neno "sema". Tunamwamkia mtu sisi wenyewe, halafu tunamngoja Mwita. Mama mdogo akishindwa kungoja hujiziba mdomo kwa khanga. Juzi fundi baiskeli alipita, na Mwita akasema "shikamoo" peke yake, ingawa aliiambia baiskeli. Fundi akaitikia kwa niaba ya baiskeli.

Mwalimu pia huwakalisha wazazi pamoja. Mama mmoja wa Kenyamonta alieleza jinsi alivyokuwa akimficha binti yake nyuma ya nyumba wageni wakija. Hakuna aliyemcheka, wengine waliinamisha vichwa tu. Nilikukumbuka. Njoo kikao kijacho, mama, hutakuwa peke yako.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekusaidia kukamua. Babu umsalimie kwa utaratibu, akiwa ameshakula. Mwambie mjukuu wake hakuwahi kumwamuru. Alikuwa anamwamkia siku zote, na salamu zile bado zinangoja kuitikiwa.

Binti yako,
Ghati