Vipanya Kumi na Viwili Havitembei

Jumanne, 8 Julai
Shule imefunguliwa. Baridi ya kufa mtu — chaki inaniponyoka vidoleni. Mzee Fransisko wa stoo amenirudishia vipanya vyangu kumi na viwili, vile visivyo na waya. Kila kimoja amekifunga kwa mpira pamoja na kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Mzee ana utaratibu, sina la kumsema.

Umeme mdogo, nawasha kompyuta moja moja. Ya kwanza: kishale hakisogei. Ya pili: hakisogei. Nimebadilisha betri. Wapi!

Mungu wangu. Linux nimeiweka mimi badala ya Windows, likizo hii hii. Mkuu aliniuliza kikaoni kama nina uhakika, nikamjibu asilimia mia. Nani alinituma kusema mia?

Jumatano, 9 Julai
Nimeandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa. Kidude kinaonekana, kwa jina lake na namba yake. Yaani kompyuta inakijua, ila kipanya kimenuna. Basi ni draiva, ile programu ya kukiendesha! Nimeitoa, nimeirudisha, nimezima na kuwasha mara nne. Hamna.

Saa tisa kipanya cha namba saba kikatembea, bila kurekebisha kitu! Nilipiga kelele hadi Margareth wa uhasibu akachungulia. Nimenakili mpangilio wote wa namba saba, nikaupeleka namba nane. Kimya. Linux ile ile, draiva ile ile. Nitapata wazimu.

Alhamisi, 10 Julai
Mkuu Wilibrodi amepita. Kasema Jumatatu kidato cha tatu wana jaribio la vitendo na yeye atasimama humo humo ndani. Visipotembea, anamwita Shedrack, fundi wa mjini Sumbawanga, aje kuifuta Linux, na somo la kompyuta linakwenda kwa mwalimu mwingine. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Miaka mitatu nimelilea somo hili. Mchana ugali umenishinda.

Ijumaa, 11 Julai
Margareth kauliza kwa nini nisijaribu kipanya kwenye kompyuta yake, yenye Windows. Nimemwambia nina kipindi.

Sina kipindi. Kikitembea kwake, nimekwisha.

Jumapili, 13 Julai
Misa sikuisikia. Padre anahubiri, mimi nawaza draiva. Tulipotoka nikamwomba Margareth funguo za ofisi yake, akacheka akanipa.

Nimechomeka cha kwanza kwenye Windows — hakitembei! Cha pili — hakitembei! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Siyo Linux! Siyo mimi!

Halafu nikakaa. Kama siyo Linux, ni nini? Na kesho ndiyo Jumatatu. Furaha yenyewe haikufika dakika kumi.

Jumatatu, 14 Julai
Umeme umekuja mzuri, nimewasha kompyuta zote kwa mpigo. Mkuu mlangoni, kola ya koti imemfika masikioni. Jenifa wa meza ya kwanza akasogeza kipanya — kishale kikatembea meza ya tano! Abel akaruka: mwalimu, sijagusa! Darasa likalipuka. Mkuu akauliza kama hivi ndivyo virusi nilivyosema Linux haina.

Hapo nikaelewa. Kila kidude kinasikiliza kipanya chake tu, kile kilichotoka nacho kiwandani. Vimechanganywa! Cha namba saba kiliangukia chake kwa bahati tu.

Akaitwa Mzee Fransisko. Tukamwamkia, akaeleza bila wasiwasi wowote: likizo alivitoa vidude vyote akavitia kwenye kopo moja la maziwa, vipanya akaviweka kwenye boksi. Shule ilipofunguliwa akavifunga tena kimoja kimoja. Kama tunavyofanya majembe msimu ukiisha, majembe huku, mipini kule. "Jembe ni jembe, Mkuu. Mpini wowote unaingia."

Wanafunzi wakacheka. Mkuu hakucheka. Akamfokea mzee mbele ya watoto, mtu aliyebakiza miezi minne astaafu! Akamwuliza ni nani aliyemtuma kuvitoa. Mzee akanitazama. Akashusha macho, akalishika kopo lake kwa mikono miwili.

Sikuelewa kwa nini ananitazama mimi. Kweli sikuelewa. Mkuu akasema: Mwalimu Asnath, kalete daftari la maagizo ya stoo.

Nimelichukua, nikapita nalo ofisini kwangu kwanza. Liko hapa mezani. Ijumaa, 30 Mei, siku ya kufunga shule: "Mzee, vidude vitolewe kwenye vipanya vyote, viwekwe pamoja, visije vikapotea." Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Niliandika haraka haraka, nilikuwa naogopa vitapotea — naogopa kila kitu mimi!

Na mzee alijua. Alijua, akameza.

Nimeusoma ukurasa mara tatu. Umelegea kwenye pini. Ukiuvuta hautatoa hata sauti.

Vipanya nitavipanga, ni kazi ya saa moja tu, kimoja baada ya kingine. Somo litabaki langu.

Margareth anagonga mlango. Anasema Mkuu anauliza kama daftari limeonekana, na mzee bado amesimama mbele ya darasa na kopo lake.