Saa Niliyoiandika

Amman, Jumapili

Kwa kaka yangu mpenzi Qusai,

Salamu nyingi zikukute huko Sharjah ukiwa mzima, na hasira imepungua. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa.

Najua ile Alhamisi bado inakuuma. Ami Nawaf aliongoza wazee thelathini kwenda kukuposea Sawsan. Wakawekewa kahawa, na kama ilivyo desturi, hakuna aliyeigusa kabla ya jibu. Baba yake Sawsan akasema hatatoa neno mpaka akuone wewe mwenyewe. Wakangoja utue, kumbe ndege yako imegeuzwa angani. Ami anasema kahawa ilipoa mpaka akakionea haya kikombe.

Ukatuandikia sote kwamba aliyefunga anga ni mwoga, labda mkewe alimnyima chai asubuhi. Mama alicheka sana. Mimi sikucheka.

Kazi yangu unaijua: kuandika maonyo ya kuwaambia marubani wasipite wapi, na kuanzia saa ngapi. Alasiri ile tulisikia kwamba nchi jirani huenda zikarushiana makombora juu ya vichwa vyetu. Nilipotuma onyo, ndege arobaini zilianza kupinda kwenye kioo cha rada, moja baada ya nyingine, na hakuna rubani aliyebisha. Ee Mola! Maelfu ya watu wamegeuzwa na mistari minne ya maandishi. Anga ikabaki tupu, sijapata kuiona hivyo. Nikatoka nje ngazini. Saa kumi na dakika kumi na mbili makombora yakapita, michirizi mitatu myeupe, madirisha yakatetemeka. Nilibaki mdomo wazi.

Sasa kaka, lililonikaa kooni ni hili. Habari ilikuwa bado haijathibitishwa, na mkuu wa zamu aliniachia mimi niamue: tufunge anga kuanzia saa kumi au saa kumi na nusu? Nilijua ndege yako inatua saa kumi na robo. Nilijua wazee wameshaketi. Niliandika nusu, nikaifuta, nikaandika saa kumi kamili. Mwoga wako ni mimi, na chai nilikunywa.

Michirizi ile ilikata njia yenu.

Jana nilikwenda kwa baba yake Sawsan nikamweleza yote. Akasema uje Ijumaa, kahawa itachemshwa upya. Anga imefunguliwa, onyo nililifuta kwa mkono wangu. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze usoni.

Mama anakubusu, Ami anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Rihab