Jampa ya Diski ya Yohana

Jumanne, 4 Februari
Nimechapa barua tatu za wateja, umeme ukakatika. Umerudi saa nane. Kompyuta niliyonunua kule mjini Benaco, mtumba, inakwenda vizuri. Kwa hiyo nimeitoa kabatini diski ya kompyuta yetu ya zamani iliyoungua; diski yenyewe ilipona. Ndani yake kuna kwaya. Yohana alikuwa akirekodi mazoezi, naye mwenyewe akiimba besi. Huu mwaka wa tatu tangu nimzike mume wangu. Uso wake ninao kwenye picha. Sauti sina.

Jumatano, 5 Februari
Nimeiunga diski ya Yohana pamoja na ile ya kompyuta ya mtumba. Kompyuta imegoma. Haioni hata moja. Nimeogopa nimeziua zote mbili. Nimempigia fundi wa Benaco. Kasema hazijafa, ila kila moja imepangwa kuwa ya kwanza, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Nyuma ya diski, karibu na tundu la waya, kuna vipini vidogo vya chuma, na juu yake kimevishwa kiplastiki. Ndiyo jampa. Niihamishe, diski ya Yohana iwe ya pili. Mchoro wa kuonyesha pa kuiweka umefutika. Nijaribu tu, kasema.

Alhamisi, 6 Februari
Nimetumia kibano cha nyusi. Jampa yenyewe haizidi punje ya mchele. Imeniponyoka mara mbili, nimetambaa sakafuni kuitafuta. Nafasi ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Nimefunga duka mapema. Sikula.

Ijumaa, 7 Februari
Nafasi ya tatu. Imesoma! Nyimbo kumi na moja. Nimezisikiliza zote, mlango nimeufunga. Watu arobaini wanaimba kwa pamoja. Sikumtambua. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikumtambua. Nimejichukia.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa nimemwomba mama mkwe apite dukani. Nimemkalisha, sikumweleza kitu. Wimbo wa pili haujafika katikati, akainua mkono.
"Huyo mwanangu," akasema. "Anavuta pumzi kabla ya wenzake. Tangu mtoto."
Tumerudia. Nikaisikia ile pumzi, na sauti yake ikiifuata. Tumelia, kila mtu kageukia upande wake.

Jumatatu, 10 Februari
Mvua. Wateja hakuna. Mama kaja tena, kaniletea ndizi. Kavua kandambili mlangoni, kakaa kwenye kiti cha wateja. Nimewasha wimbo wa pili.