Dua Kwenye Kibao cha Barabarani

Jumamosi, 16 Machi 2019

Mume wangu atanitia wazimu. Tunatoka mji wa Mansfield kuwahi harusi Alief, mwendo wa saa nne kwa gari, yeye anasimama kila penye kibao cha historia, vile vya chuma vinavyoeleza mambo ya kale ya mahali!

Kwenye cha tatu mama mkwe akashuka naye, akadhani ni kaburi, akainua mikono kuomba dua. Nikacheka mpaka machozi.

"Mama, si kaburi," mume wangu akamwambia. " Kinasifu familia ya kwanza kulima pamba hapa, pamoja na watumwa wao."

"Na hao watumwa, majina yao?"

"Hayakuandikwa."

"Wamezikwa wapi?"

"Hakisemi."

"Basi niacheni nimalize."

Tukainua mikono sote, hata mimi niliyekuwa nacheka. Alief tulikuta pilau limekwisha, na wala sikununa.