Mzee Aliyeanza Kunikimbia

Ikuti, Rungwe

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Goti lako linasemaje siku hizi? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima, ila mvua ya Rungwe haijui kupumzika, na sweta ulilonipa nalivaa hadi kitandani.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu naijua: nikianza tu utalia, nami nitalia, halafu Baba ataichukua. Ni habari ya posa ya kijana wa wale wenye mabasi. Najua mnangoja jibu langu.

Muhula huu nafundisha riwaya moja ya zamani. Binti anaolewa kwenye nyumba ya ghorofa, anapewa funguo za kila chumba, mji mzima unamwamkia, lakini hana wa kucheka naye. Nikawauliza wanafunzi kama alichagua vizuri. Darasa likawaka moto. Mmoja akasema, "Madam, huyo dada anadeka tu. Mimi mngenipa hizo funguo ningecheka mwenyewe!" Kisha Neema, binti mpole wa dawati la mbele, akaniuliza, "Na wewe madam, ungekubali?" Nikasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Sasa nisikilize, usikasirike. Kuna fundi cherehani Tukuyu mjini, jina lake Yusufu, Mnyakyusa wa hapahapa Ikuti, Muislamu mwenzetu. Alinishonea koti, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, akaniambia huo ni wa kubebea vitabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hana gari wala ghorofa. Ana cherehani mbili na mdomo mwingi. Tulikuwa tunaonana nikishuka mjini Jumamosi, basi, hakuna aliyetamka lolote.

Baba yake, Mzee Hamisi, ni jirani yangu. Kila asubuhi alikuwa akipita na maziwa, ananisalimia, ananifundisha Kinyakyusa. Mara akaacha. Akiniona kwa mbali anajitosa migombani. Nikajua nimemkosea. Nikachukua sukari, nikamfuata kuomba radhi. Nikiongeza mwendo naye anaongeza, mzee wa watu, kofia mkononi, mpaka akavuka kijito na viatu vyake. Nilirudi nalia.

Mama Subi, mwenye nyumba wangu, alicheka hadi akashika ukuta. "Gwe mwalimu, hujakosa kitu! Huku mkamwana na baba mkwe hawatazamani, ndiyo heshima yenyewe. Mzee ameshakufanya mke wa mwanawe."

Na mwanawe alikuwa hajanitamkia neno, Mama! Alimdokeza tu baba yake kuwa ananiwazia, mzee akaanza adabu siku hiyohiyo. Yusufu alikuja na aibu yake yote, anaapa kwamba alitaka kusema baada ya Idi. Nikamwambia aseme sasa. Akasema, nami nikamjibu ndiyo, kama nyumbani mtaridhia.

Watu wa mabasi ni watu wa heshima, sina neno nao. Najua Baba angetembea kifua mbele Kondoa nzima. Lakini nimekua nikiwasikia ninyi wawili mkicheka jikoni, hata siku ambazo chunguni mlikuwa na mlenda mtupu. Mimi nataka hicho. Naogopa, Mama, ila sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Zungumza na Baba akiwa ameshiba. Wajumbe wa kina Yusufu watafika shule zikifungwa, nami nitakuwa nimetangulia.

Nisalimie Bibi mzaa baba, shangazi wa sokoni, na mdogo wangu Rukia, mwambie aache simu asome. Na Baba akifoka, akiuliza ni nani aliyenifundisha kukataa mabasi, mwambie ni yeye.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi