Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Ngarenaro, Jumanne

Natangaza rasmi, mbele ya mshumaa huu na panya wa darini, kwamba kanda bora ya muziki wa roki mwaka huu ni ya Elia na wenzake wa Akheri. Walijirekodi wenyewe kwenye stoo ya kahawa. Katika wimbo wa tatu mbwa anabweka, na anaingia vizuri kuliko mpiga ngoma.

Hakuna aliyeinunua. Ndiyo maana kila mteja anayeniletea kanda tupu nimrekodie taarabu au kwaya, nafasi inayobaki mwishoni namwekea wimbo wa Elia, kimyakimya. Nilimwahidi Elia kwamba ipo siku mtu atauulizia. Akasema atasubiri mwezi huu tu, kisha anakwenda Mererani kuchimba madini.

Leo Elia alikuwa ameegemea kaunta ya duka langu, akaingia mteja wangu, Mama Zuhura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamisi, kile ulichoniwekea baada ya taarabu yangu ni kitu gani?"

Nikamkonyeza Elia. "Umekipenda, mama?"

"Nikipende? Nilidhani redio imeungua! Nimeipeleka kwa fundi, kaifungua yote, ubovu hajauona."

Elia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza magari ya Mererani huondoka saa ngapi. Nilitaka kumwambia kwamba mwezi haujaisha, lakini Mama Zuhura alikuwa anasubiri nimfutie wimbo ule.

Nimemfutia.

Gitaa lake Elia ameniachia mimi. Sijui kupiga.